Mwaka Tulioibadilisha Mashine ya Njia Nne

Mwalimu Kalinga alizikwa Jumanne, na mimi nilifika Ipogolo Jumatano saa nne asubuhi, wakati kina mama wanasugua masufuria ya msiba kwa majivu na vijana wanakunja turubai. Habari ilinikuta Sumbawanga, nilikokwenda kutafuta maharage ya kupeleka Mbeya. Kabla ya Sumbawanga nilikuwa Songea, na kabla ya Songea nisiulizwe, maana ndivyo nilivyoishi, mguu mmoja ndani na mwingine barabarani. Mama Neema, mjane wake, alikuwa sebuleni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga imefunika magoti. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono yote miwili. Kabla sijatamka neno la pole, akaniambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Umechelewa, Subilaga. Umechelewa kama ile kompyuta yako." Kisha akacheka, nami nikacheka, na kina mama wawili waliokaa naye wakatazamana, kwa sababu si kawaida watu kucheka hivyo siku moja baada ya mazishi. Baadaye niliomba kukiona chumba tulichorekodia. Siku hizi kimejaa magunia ya mahindi, lakini misumari tuliyotundikia mablanketi bado ipo ukutani. Nilisimama katikati ya magunia nikagundua kwamba nimebana pumzi, nasubiri malori yaishe kupita. Zaidi ya miaka ishirini, na mwili ulikuwa bado unakumbuka kazi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, ambayo yalipotoka hayakunipeleka popote. Nilikuwa Mbeya, kwenye duka la Bwana Karim, lililouza redio, spika na vipuri. Bwana Karim alikuwa Muhindi aliyezaliwa palepale mjini, mtu wa maneno machache na chai nyingi, na alikuwa ameanza kuleta kompyuta zilizokwisha kutumika. Mimi nilikuwa na cheti cha miezi miwili cha kompyuta, kwa hiyo alinikalisha nyuma ya mojawapo niwachapie watu barua za kuomba kazi. Wasipokuja watu wa barua nilicheza karata za kwenye kioo. Siku moja akaingia mzee mrefu mwenye koti la sufu na kikapu cha sokoni, na ndani ya kikapu, juu ya kitenge kilichokunjwa, kulikuwa na mashine.

Niieleze kidogo, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yalitoka humo. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku la shule, imejaa vitufe, na ilitumia kaseti ya kawaida kabisa. Lakini ilirekodi sauti nne, kila moja kwenye njia yake: leo unaweka ngoma, kesho unaweka soprano, keshokutwa besi, na hakuna inayoifuta nyenzake. Mwalimu Kalinga aliachiwa mashine hiyo na padri mmoja mgeni aliyerudi kwao, na kwa miaka mingi alikuwa ndiye mtu ambaye kwaya za Iringa zilimwendea zikitaka kaseti. Sasa mikanda yake ya mpira ilikuwa imelegea na nyimbo zinayumba. Bwana Karim aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Mwalimu, mikanda hii haipo tena. Niachie hii, chukua kompyuta. Nina mtu anaitaka hivyohivyo ilivyo." Mwalimu alinigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya kioo kinachowaka na nilionekana mtu anayejua. "Binti, kweli hiki kitu kinaweza kurekodi kwaya?"

Sikuwa nimewahi kurekodi hata kikohozi. Nilisema, "Mwalimu, ukishapata kompyuta, hicho cha zamani hutakihitaji tena."

Nimesema uongo mwingine maishani, mwingine mkubwa zaidi, lakini huo ndio ninaoukumbuka neno kwa neno. Bwana Karim akaongeza sukari kwenye chai yake. "Ondoka naye huyu. Hapa anacheza karata tu." Wiki hiyohiyo nilikuwa ndani ya basi la Iringa, kioo cha kompyuta mapajani kama mtoto mgonjwa, na kila tuta lililoturusha Mwalimu alinyoosha mkono kukishika kabla ya kujishika mwenyewe.

Nyumba yao ilikuwa chini ya mlima, karibu na barabara kuu, mahali ambapo malori yanayopanda na yanayoshuka hayana adabu. Chumba cha kurekodia kilikuwa cha Neema, binti yao aliyeolewa Dodoma. Ukutani kulikuwa na mablanketi ya kijivu, dirishani godoro, na darini treyi za mayai. Kwa kuwa hakuna blanketi linaloweza kuzuia lori, walikuwa na utaratibu wao. Mama Neema alikaa jikoni upande wa barabara, na barabara ikitulia aliinua kitambaa cheupe cha kufutia vyombo. Mwalimu alikiona kupitia mlango uliobaki wazi kidogo, akashusha mkono, na kwaya ikaimba. Lori likitokea upande wa Ndiuka, kitambaa kilishuka na kila mtu akaanza upya. Nilidhani ni kazi ambayo mama mwenye nyumba alijichagulia. Ilinichukua mwezi mzima kujua kwamba mwanamke yule aliyekaa jikoni na kitambaa ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya kwa miaka kumi na minane.

Alinieleza mwenyewe, tukimenya maharage mabichi. Alikuwa na tezi ya shingo, kama mama yake na shangazi zake, na ilipokua mpaka inambana usingizini alikwenda kufanyiwa upasuaji. Daktari alimwambia mapema kwamba sauti inaweza kubadilika. Ilibadilika. Ile ya juu haikurudi. Ikabaki hii ya kukwaruza, nzito, ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Kwa hiyo nikatoka kwenye kwaya," alisema. "Soprano bila juu ni kitu gani? Ni sawasawa na Mnyakyusa bila ndizi." Nikamwambia sisi Wanyakyusa bila ndizi tunakula ugali kama watu wengine, na yeye akaniambia, "Basi kula, nione," akanipakulia bonge la ukubwa wa kichwa changu. Alikuwa na utani huo kila mlo. Ugali na maharage, ugali na majani ya maboga, Jumapili wali, na jioni za baridi viazi vitamu na chai yenye tangawizi iliyokuchoma mpaka kifuani. Sijawahi kula vizuri hivyo kwenye nyumba yoyote niliyolipia kodi.

Kompyuta ilitutesa tangu siku ya kwanza. Feni yake iliunguruma kuliko lori, tukaifungia ndani ya kabati na kupitisha nyaya chini ya mlango, nayo ikapata joto ikajizima. Tukaitoa. Waya ukigusa waya, spika zinavuma kama nyuki. Umeme ukikatika kabla sijahifadhi kazi, kwaya nzima imepotea, na waimbaji wameshapanda mlima kurudi mjini. Ikafika mahali Mwalimu hanisalimii tena kwa "kamwene" ya Kihehe asubuhi, ananiambia, "Umehifadhi?" Lakini lililomchosha kuliko yote ni kuchelewa. Kwenye mashine yake, mtu aliyevaa spika za masikioni alijisikia palepale anapoimba. Kwenye kompyuta, sauti ilitoka mdomoni, ikasafiri mpaka Makambako, ndipo ikarudi masikioni. Waimbaji walijisubiri wenyewe. Wimbo wa shangwe uliisha ukiwa kama unasindikiza jeneza.

"Rekebisha," Mwalimu aliniambia.

"Narekebisha, Mwalimu."

"Unafanya nini hapo?"

"Nasoma maelekezo."

"Yanasemaje?"

"Ni Kiingereza."

"Si umesoma sekondari?"

"Hicho siyo Kiingereza cha sekondari, Mwalimu."

Na lilikuwapo jambo jingine ambalo wakati ule niliona ni ubishi wa mzee, na leo naliona tofauti. Zamani, wimbo ukikosewa ulianza mwanzo, kwa hiyo watu walikuja wameshauivisha. Sasa walijua kwamba kipande kinaweza kukatwa na kubandikwa. Mzee Luhanga wa teno alikosea mstari uleule mara tatu, akasema kwa furaha, "Mwalimu, tuendelee tu, si kompyuta itaninyoosha?" Mwalimu akamwambia, "Kompyuta si pasi, Luhanga. Na wewe si shati." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Walipoondoka alisimama nyuma ya kiti changu akatazama yale mawimbi ya kijani ya sauti kwenye kioo. "Sasa tunautazama wimbo," alisema. "Nani anausikiliza?"

Ilikuwa kipupwe, baridi ya kukaa na kitenge mabegani mchana kutwa, aliponiletea kaseti. Ilikuwa ndani ya soksi, na soksi ndani ya bati la majani ya chai. Alisubiri mpaka mkewe amekwenda sokoni. Akaniambia kwamba ilirekodiwa mwaka mmoja kabla ya upasuaji: wimbo wa mavuno alioutunga yeye, kwaya nyuma, Mama Neema mbele peke yake. Haikuwahi kutoka, kwa kuwa alitaka kwanza kuongeza besi, halafu ugonjwa ukaingia na hakuweza kuisikiliza. "Iingize kwenye kompyuta," alisema. "Kabla haijaoza." Nikaunganisha redio kaseti ya sebuleni na kompyuta, nikabonyeza.

Kilichotoka ni mngurumo, sauti za watu waliozama kwenye matope, polepole mno kiasi kwamba hukuweza kujua kama wanaimba au wanaumwa. Hakukuwa na Mama Neema. Nikageuza upande wa pili. Huko kulikuwa na mtu mmoja, naye anagugumia kinyumenyume, maneno yakimezwa badala ya kutamkwa. Nilijaribu tena na tena, kana kwamba kaseti ingebadilisha nia. Mwalimu hakunigombeza. Alikaa kwenye kitanda cha Neema, mikono katikati ya magoti. "Nilidhani kaseti ni kaseti," alisema. Na mimi nilidhani hivyo. Tulikuwa tumeitoa mashine pekee iliyojua kuisoma kaseti ile, na niliyeshauri itolewe ni mimi. Tuliposikia mlango wa jikoni tulijua kwamba sokoni hakwenda mbali. Mama Neema alikuwa amesimama na kapu la nyanya kichwani. "Huyo anayelia kama ndama ni mimi?" aliuliza. Akashusha kapu, akaenda kuwasha moto, na usiku huo hakuniambia nile.

Nilikwenda Mbeya kesho yake kuitafuta mashine. Hakuna aliyenituma. Bwana Karim alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti, ile ilishavuka Tunduma. Mwenye bendi aliichukua wiki ileile. Leo iko Lusaka au imekufa." Nilianza kulia dukani mbele ya wateja. Akanisogezea chai, akaichukua kaseti niliyokuja nayo, akachora mistari minne nyuma ya risiti. "Tazama. Redio ya nyumbani inaijua barabara ya kawaida: njia mbili za kwenda, mbili za kurudi. Ndiyo upande wa kwanza na wa pili. Ile mashine ya Mwalimu njia zote nne zinakwenda upande mmoja, na gari linakwenda mwendo mara mbili. Ukiiweka kaseti yake kwenye redio, mbili unazisikia polepole. Mbili nyingine unazipata ukigeuza, lakini zinarudi nyuma." Akagonga kaseti kwa kucha. "Hakuna kilichofutika. Wamo wote humu. Wewe umekutana nao vibaya tu."

Nilikaa na kile kipande cha risiti ndani ya basi, nikihesabu mistari kama mtoto wa chekechea, na tulipopita Makambako nikasimama ghafla hata jirani yangu akashika mzigo wake. Kompyuta ile iliyotutesa ilikuwa na vitufe viwili nilivyowahi kuvichezea kwa kikohozi cha Mwalimu kilichonaswa na kipaza sauti: kimoja huongeza mwendo, kingine hugeuza sauti mbele nyuma. Mashine yake ya zamani isingeweza kufanya hivyo hata ikiwa mpya.

Ningependa kuandika kwamba ilikuwa kazi ya siku moja. Ilichukua karibu majuma mawili. Niliingiza upande wa kwanza, nikauongezea mwendo mara mbili, na kwaya ikasimama kutoka matopeni, wanaume na wanawake na ngoma. Niliingiza upande wa pili, nikaugeuza, nikauongezea mwendo. Lakini mikanda ya redio ilikuwa inayumba kwa namna yake, kwa hiyo pande mbili zilianza pamoja na kufika ubeti wa pili zikiwa zimeachana kama wanandoa waliogombana njiani. Nilikata mstari kwa mstari, nikauvuta huu mbele, huu nyuma. Mwalimu alikaa kando yangu siku zote hizo. Mimi nilitazama mawimbi. Yeye alifumba macho. "Bado," alisema. "Anakuja mapema. Bado. Mrudishe kidogo. Hapo anapumua, umemkata pumzi. Mrudishie pumzi yake." Sikuwa nimejua kwamba pumzi ni sehemu ya wimbo. Tuligombana juu ya kipande kidogo kisichozidi kupepesa jicho, na kila tulipogombana alikuwa sahihi. Ndipo nilipoanza kumpenda kama mzazi, ingawa sikumwambia, na yeye ndipo alipoacha kuiita kompyuta "hiki kitu" akaanza kuiita "yeye."

Siku tuliyomaliza ilikuwa Jumamosi mchana. Mwalimu alimwita mkewe naye akaitika kwamba ana unga mikononi. Akamwita tena. Akaja hivyohivyo, akasimama mlangoni, nikabonyeza. Kwanza ngoma, halafu kwaya, halafu juu yao wote sauti nyembamba, safi, isiyojitahidi, ya mwanamke ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Nilimtazama yule niliyemjua. Hakulia, ingawa nilitarajia. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Wimbo ulipoisha akasema, "Ubeti wa pili nilivuta sana."

"Hukuvuta," Mwalimu alisema.

"Nilivuta. Ulinikodolea macho, nikaogopa." Akafuta unga kwenye kanga. "Na chini hakuna kitu. Wimbo unaelea. Besi iko wapi?"

"Sikuwahi kuiweka."

"Subilaga, irudishe mwanzo."

Niliirudisha. Akajongea mpaka mbele ya kipaza sauti, ambako tangu nifike sikuwahi kumwona amesimama, akavaa spika za masikioni. Nikakumbuka kuchelewa, nikaanza kumweleza kwamba atajisikia kwa nyuma, asishtuke. Akasogeza upande mmoja nyuma ya sikio. "Huyu wa zamani nitamsikia huku," alisema. "Wa sasa niko naye hapahapa." Ndiyo yote. Miezi mitano nilisoma maelekezo ya Kiingereza, na dawa ilikuwa kuliacha sikio moja wazi. Nilibonyeza kitufe chekundu. Yule wa juu alipoanza, Mama Neema aliingia chini yake kwa ile sauti ya kukwaruza, nzito, taratibu, na sauti mbili za mtu mmoja zikapishana na kukutana chumbani mwa Neema. Jikoni hapakuwa na mtu wa kuangalia barabara. Lori lilipita kwenye ubeti wa tatu, lote, na tela lake, na Mwalimu hakuinua hata kidole.

Alipomaliza alivua spika akamgeukia mumewe, na nilidhani sasa ndipo atalia. "Kalinga," alisema, jina ambalo sikuwahi kumsikia akimwita, "miaka kumi na minane umenisimamisha juu kama jogoo. Uliwahi hata siku moja kuniuliza kama napenda huko?"

Mwalimu akafungua mdomo. "Ulikuwa na sauti ya juu nzuri kuliko wote."

"Sikuuliza hivyo."

"Sikuwahi," alisema Mwalimu. "Sikuwahi kukuuliza."

"Basi," alisema, akarudi kwenye unga wake.

Nilikaa pale mpaka mvua za kwanza, kisha miguu ikaanza kuniwasha, kama ilivyoniwasha kila mahali baada ya hapo, nikaondoka. Matokeo mabaya ya mtihani na mwaka mmoja wa kukata pumzi za watu na kuzirudisha, hiyo ndiyo elimu niliyotoka nayo. Kuna watu walionifundisha mambo ya maana zaidi, kwa maneno marefu zaidi, na nimewasahau. Nikiwa kwenye chumba cha kupanga, mji ambao simjui mtu, na jirani akifungulia redio ukutani, bado nasikiliza kwanza chini, kuona kama kuna mtu.

Lakini kabla sijaondoka ilikuwepo Jumapili iliyofuata ile Jumamosi. Nilikaa benchi la tatu. Kwaya iliingia na kujipanga, soprano kushoto, wanaume kulia, Mwalimu mbele yao, mgongo wake kwetu. Alikuwa ameshainua mikono kuanza pale Mama Neema aliponyanyuka kutoka kwenye safu ya kina mama, akiwa na kitenge chake cha kila siku, hana sare. Alipita mbele ya madhabahu akainama kidogo, akazipita soprano bila kuzitazama, akafika kwa wanaume. Mmoja alimnong'oneza, lakini kanisa lilikuwa kimya na sote tulisikia, "Mama, huku ni besi." Akamjibu, "Najua. Sogea." Wakasukumana mabega, wakafungua mwanya. Mwalimu alishusha mikono. Alisubiri mpaka mkewe alipoipata nafasi yake na kuiweka miguu vizuri, kisha akainua mikono tena.